UZI: Kulea mti mchanga wa matunda ukutani (tufaha, peasi, plamu, pichi): kamba kwanza, mkasi baadaye

Ukuta_wa_Kusini:

Wakuu salaam. Novemba imeingia, miche ya mizizi mitupu imeanza kuuzwa huku Uingereza na kama kawaida swali ni lile lile, kiuwanja changu kidogo, nyuma kuna ukuta tu, mti wa matunda nitauweka wapi? Uweke ukutani. Mtufaha au mpeasi uliolazwa vizuri ukutani hautoki mbele zaidi ya sentimita 40 hivi, unapita na pipa lako la taka bila kuugusa, unachuma umesimama chini bila ngazi, na kila tunda linaliona jua. Nafungua uzi huu tuongee taratibu kuhusu miaka mitatu minne ya mwanzo, maana hapo ndo mti unajengwa na hapo ndo wengi wanakuwa na haraka.

Kabla ya yote naomba mlishike hili: kinachoufanya mti wa ukutani uzae ni mlalo wa tawi. Mkasi ni msaidizi tu. Jicho la kileleni (jicho ni kile kinundu kinachochipua) linatengeneza homoni inaitwa oksini, inashuka chini ndani ya shina na kuyabana macho yaliyo chini yake yasiamke. Tawi likisimama wima, kilele kinatawala, linarefuka tu, matunda hakuna. Ukililaza, ule ubabe wa kilele unapungua, macho ya njiani yanaamka, tawi linapunguza mbio na linaanza kutengeneza macho ya maua, yale manene ya mviringo, sio yale membamba yaliyobanana na gome ambayo ni ya majani. Sasa mtu asiyejua hili anachukua mkasi kila winta anakata sana, mizizi chini ipo vile vile na akiba yake yote, macho juu yamebaki machache, springi mti unarusha fimbo ndefu zimesimama kama fagio, naye winta inayofuata anazikata tena. Anaweza kwenda hivyo miaka na miaka asile tufaha hata moja.

Na sio ufundi wa juzi huu. Pale Versailles, Ufaransa, bustani ya mboga na matunda ya mfalme Louis wa 14 ilijengwa kati ya 1678 na 1683, msimamizi akiwa Jean-Baptiste de La Quintinie, na mpaka leo ukienda utakuta mapeasi yamelazwa kwenye kuta na kwenye waya. Halafu kuna Montreuil, mashariki ya Paris, wale walijenga kuta za mawe wakazisiliba plasta, mamia ya kilomita za kuta, wakalima mapichi kwenye baridi ya kaskazini ile. Ukuta unanyonya jua mchana na usiku unalirudisha polepole, ndo maana pichi liliiva mahali ambapo kwenye uwazi lisingeiva. Na walichokuwa wanafungia kilikuwa kipande cha kitambaa, wanazungusha kwenye chipukizi halafu wanapigilia msumari kwenye plasta, chipukizi moja baada ya jingine, ukuta mzima, kila mwaka. Kitambaa kwa sababu kilikuwa laini hakichubui gome. Sisi tuna waya, kazi imepungua sana, lakini hiyo akili ya kufunga kwa kitu laini ibaki.

Haya twende kwenye kazi yenyewe, naanza na tufaha na peasi maana ndo rahisi.

Mche: chukua wa mwaka mmoja, fimbo moja isiyo na matawi. Unauzwa bei ndogo kuliko ule ulioshalazwa tayari na dukani, na wewe ndo unaamua matawi yatoke wapi. Uliza umebebeshwa (yaani umeunganishwa) kwenye shina gani la chini, lile lenye mizizi, hili ni muhimu kuliko jina la tunda. Kwa tufaha la ngazi za kulala (shina moja la kati, mikono inalala kushoto na kulia kwenye kila waya) chukua shina la MM106 au M26, hizo zimetoka kituo cha utafiti cha East Malling kule Kent. M9 ni kibete mno, kwenye udongo mkavu wa chini ya ukuta itakusumbua, labda kwa fimbo moja moja za kulaza nyuzi 45. Peasi chukua iliyobebeshwa kwenye Quince A. Halafu aina ya tunda iwe ile inayozalia kwenye vikonyo vifupi vya kando ya tawi. Egremont Russet na James Grieve ni nzuri, peasi Conference au Doyenné du Comice. Usichukue Worcester Pearmain, ile inazalia nchani, na sisi ncha ndo tunazikata.

Ukuta: piga waya za mlalo kabla hujapanda. Waya wa chuma usioshika kutu wa milimita 2, wa kwanza sentimita 45 kutoka chini, wengine kila baada ya sentimita 40 au 45 kwenda juu. Ukuta wa mita 2 unabeba ngazi nne. Unatoboa kwa drili, unaweka plagi, unafunga skrubu ndefu zenye pete, waya ukae mbali na tofali kama sentimita 10 ili hewa ipite nyuma ya majani, majani yakibanana na tofali ukungu na vidukari vinapata makazi. Upande mmoja weka skrubu ya kukazia, maana waya uliolegea hauongozi kitu. Upana ruhusu mita 3 na nusu hadi 4 na nusu kwa mti mmoja.

Kupanda: sentimita 20 hadi 25 kutoka ukutani, uelemeze kidogo kuelekea ukuta, mizizi uielekeze nje. Ile alama ya kubebesha ibaki juu ya udongo. Na mwagilia, jamani mwagilia, mvua ya huku hata ikinyesha wiki nzima udongo wa chini ya ukuta unaweza kuwa mkavu kabisa, ukuta unaikinga mvua na tofali zenyewe zinanyonya maji.

Winta ya kwanza ukishapanda, kata fimbo yako hapo kwenye waya wa kwanza, juu kidogo ya jicho, hakikisha chini ya mkato kuna macho matatu mazima: la juu litapanda, mawili ya chini moja litoke kushoto na jingine kulia. Najua inauma kukata mche ulioununua ukabaki kijiti, lakini kata. Springi yakichipua, la kati lifunge wima kwenye mwanzi. Yale mawili yafunge kila moja kwenye mwanzi wake uliolala nyuzi 45. Usiyalaze kabisa mwaka huo bado yanakua, yatadumaa. Mengine yote yatakayotoka chini yatoe kwa kidole yakiwa machanga. Ikifika Novemba ndo unayashusha yale mawili mpaka yalale kwenye waya, unafunga. Halafu la kati unalikata kwenye waya wa pili, macho matatu tena, unarudia mchezo. Kila winta ngazi moja.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

Pemba_Rotterdam:

Ahsante sana mkuu, uzi wa maana huu. Mie niko Uholanzi, huku utawakuta hata miti isiyo ya matunda wanailaza, mbele ya nyumba za zamani za mashamba wanapanda milinde mistari, matawi yote yamelazwa pembeni ubapa mmoja, ilikuwa inaikinga nyumba na jua la kiangazi. Na mapeasi ukutani wanayo mengi tu.

Suala langu, nnao mplamu mchanga, Victoria, umeshatoa matawi kama matano hivi, nimeshaununua uko kwenye ndoo. Ukuta wangu unatazama magharibi. Ntaufanya hivyo hivyo ulivyoeleza? Nlitaka niukate wikiendi hii, hakuna baridi kali.

Ukuta_wa_Kusini:

Ndugu yangu weka mkasi chini kwanza! Wikiendi hii usiukate hata jani. Plamu, cheri, pichi, aprikoti, yote yenye kokwa gumu moja katikati hayakatwi winta. Kuna kuvu jina lake Chondrostereum purpureum, huleta ugonjwa wa majani kuwa na rangi ya fedha, vijimbegu vyake vinaruka hewani miezi hii ya unyevu na vinaingilia kwenye kidonda kibichi. Mti uliolala usingizi hauzibi kidonda haraka, kwa hiyo mlango unabaki wazi. Vikishaingia tawi linakufa, na mti mchanga unaweza kwenda wote. Tufaha na peasi wanavumilia mkasi wa winta, hawa wa kokwa hapana. Mti mchanga ambao bado unaujenga ukate springi macho yakishaanza kufunguka, siku kavu. Ukishakomaa, Juni mpaka Agosti.

Na umbo lake ni jingine. Plamu haupendi ngazi za kulala, matawi yake hufa moja moja na unatakiwa uwe na la kuziba pengo, kwa hiyo tunaupanua kama upepeo wa mkono. Waya ziwe za karibu karibu, kila sentimita 15, yaani kila baada ya mistari miwili ya tofali. Springi angalia hayo matano, chagua mawili tu, moja kushoto moja kulia, yanayotoka kama sentimita 25 hadi 30 kutoka chini. Shina la kati likate juu kidogo ya tawi la juu katika hayo mawili. Ndio, kati yote inaondoka. Ukiacha shina la kati limesimama maji yote yatapanda hapo, pembeni kutabaki na njaa, na huo upepeo hutaupata kamwe. Hayo mawili yafunge kwenye mianzi nyuzi 45 na uyafupishe yabaki kama sentimita 40. Sama, yaani kiangazi, yatachipua, kwa kila upande bakisha manne: la nchani, mawili ya upande wa juu, moja la upande wa chini. Hapo una mbavu nane. Linalochipua kuelekea ukutani au linalokuja usoni kwako toa kwa kidole mapema, kidonda cha kidole kwenye chipukizi laini hupona haraka.

Magharibi ni ukuta mzuri kwa Victoria, na inajichavusha yenyewe, mti mmoja unatosha.

Pemba_Rotterdam:

Alhamdulillah nimeuliza kabla. Ntasubiri springi inshallah.

Mama_Pichi:

Niongezee hapo kwenye pichi, maana nnalo Birmingham ukuta wa kusini na linazaa vizuri tu, watu wanadhani haiwezekani.

Pichi ni kazi ya mwaka mzima lakini sheria yake ni moja, linazalia kwenye tawi lililoota mwaka jana. Tawi likishazaa halizai tena pale pale. Kwa hiyo kila tawi unalolifunga lizae sama hii, chini yake kabisa unabakisha chipukizi moja la kumrithi. Ukishachuma, unalikata lile lililozaa mpaka hapo alipo mrithi, unamfunga yeye kwenye nafasi ile ile. Ukiruka mwaka mmoja tu mti unakuwa na matunda nje mbali na katikati kunabaki vijiti vitupu.

Lingine ni ugonjwa wa majani kujikunja, yanavimba yanakuwa mekundu kama yameungua halafu yanadondoka, hiyo ni kuvu ya Taphrina. Inaenezwa na mvua ikidondokea kwenye macho ya mti winta na mwanzo wa springi. Dawa yake kubwa ni kuzuia maji. Mimi natengeneza fremu ya mbao na plastiki nyeupe, nafunika toka Desemba mpaka katikati ya Mei, pembeni na chini naacha wazi nyuki wapite na hewa. Na hapa ndo utaona faida ya ukuta, pichi lililosimama katikati ya bustani utalifunikaje? La ukutani ni kama kushusha pazia. Plastiki hiyo hiyo inalikinga na barafu ya usiku, maana linachanua mapema sana, kuna miaka linachanua nyuki bado wamelala. Hapo nachukua brashi laini ya kupakia rangi, mchana jua likiwaka, napitisha ua kwa ua.

Na mpunguze matunda jamani, msionee huruma. Yakifika ukubwa wa karanga ya mviringo yaache kila moja sentimita 10, baadaye yakikua kidogo yaache kila sentimita 20 hivi. Yasipopunguzwa unapata kokwa lililovaa ngozi.

Ukuta_wa_Kusini:

Dada hapo umemaliza, sina cha kuongeza kwenye pichi. Hilo la mrithi watu waliandike mahali.

Mkulima_wa_Njombe:

Wakuu nawasoma kutoka Njombe. Huku tuna matufaha sasa hivi, watu wengi wamepanda Anna na Dorsett Golden, na baridi ya Juni na Julai ipo. Lakini ukuta wa nini kwetu? Eneo ninalo. Tatizo langu ni kwamba miti ina miaka mitatu imerefuka kweli kweli, imesimama wima, maua machache, tena inachanua ovyo, tawi hili leo, lile mwezi ujao. Mkipogoa mnaniambia nikate au nisikate?

Ukuta_wa_Kusini:

Mkuu swali zuri sana hili, na jibu lake linathibitisha jambo ninalolisema toka mwanzo.

Ukuta kwako hauna kazi ya joto, wewe hukosi jua. Tena Njombe jua liko karibu na utosini, Juni linapita kaskazini Desemba linasogea kusini, ukuta unaotazama magharibi utakuunguzia matunda mchana. Kama unataka umbo hili piga nguzo na waya shambani, mstari uende kaskazini kusini ili asubuhi upande mmoja upate jua na mchana upande wa pili.

Lakini hata usipopiga waya, laza matawi. Hiyo miti yako ya miaka mitatu iliyosimama usiikate vichwa, utaiongezea hasira. Chukua kamba ya katani, pigilia vigingi chini, vuta kila tawi polepole mpaka lifike nyuzi 60 hivi kutoka wima au karibu na kulala, ufunge. Fanya wakati udongo una maji na tawi lina utomvu, linapinda vizuri. Tawi lililokomaa sana usilivute siku moja, litapasuka pale linapoungana na shina, vuta leo kidogo, baada ya wiki mbili vuta tena.

Hilo la kuchanua ovyo ni baridi haitoshi kuulaza mti wote usingizi kwa pamoja. Anna ilizalishwa Israel ikihitaji baridi kidogo, masaa yasiyofika 300 chini ya nyuzi 7, na Dorsett Golden inatoka Bahamas, ndo maana hizo mbili zinaweza huko na matufaha ya huku kama Cox hayawezi. Ila hata hizo zikikosa baridi ya kutosha zinachanganyikiwa. Kule Batu, Java Mashariki, Indonesia, nchi ya joto kabisa isiyo na winta, wanalima matufaha kwa kupukutisha majani yote kwa mkono kama mwezi mmoja baada ya kuvuna, na matawi wanayapinda. Mti unaamka wote kwa wakati mmoja, na wanavuna mara mbili kwa mwaka. Kupinda na kupukutisha, ndo silaha yao. Jaribu kwenye miti michache kwanza, ile yenye afya, na uwe na maji, maana mti uliovuliwa majani halafu ukakosa maji utaumia.

Tigoni_Farm:

Nathibitisha hii maneno ya kupinda. Niko Limuru, niko na plums na pears za zamani mzee alipanda, na tufaha chache mpya. Hizo mpya nilifunga matawi na mawe, nachukua chupa ya plastiki natia mchanga naning'iniza kwa tawi, uzito naongeza pole pole. Zilitoa maua kwa tawi zima, zile za jirani zimesimama bado. Chupa ni poa kwa sababu ukiona tawi limeteremka sana unamwaga mchanga kidogo. Lakini ni kweli usiweke mbali kwa ncha, weka katikati ya tawi, ukiweka kwa ncha inapinda kama upinde na pale juu ya mgongo inatoa zile fimbo za kusimama.

Ukuta_wa_Kusini:

Asante sana ndugu wa Limuru, hilo la katikati ya tawi ni la fundi. Tawi linatakiwa lilale likiwa limenyooka. Likiwa na nundu, jicho lililo juu ya nundu ndo linajiona kilele kipya.

Mtu_wa_Leicester:

Samahanini wakuu, mimi napinga kidogo. Hivi huku sio kuutesa mti? Umeumbwa uende juu, nyie mnaufunga mikono pembeni maisha yake yote. Na nyumba yangu ni ya kupanga, mwenye nyumba hataki hata msumari wa picha, hayo mashimo ya drili nitayaelezaje.

Ukuta_wa_Kusini:

Kaka karibu, ni maswali ya haki kabisa.

La kwanza, mti ulioleleka vizuri ukutani unaishi miaka mingi sana, kuna mapeasi ya ukutani hapa Uingereza yamewazika walioyapanda na bado yanazaa. Unapata jua kila jani, hewa inapita, matawi hayagombani wala kuchubuana, tunda halivunji tawi kwa uzito kwa sababu waya unalibeba. Kinachoutesa mti ni kamba iliyosahaulika. Chipukizi linanenepa, kamba iko pale pale, inazama ndani ya gome, tawi linanyongwa. Ndo maana nasisitiza funga kwa umbo la namba nane, kamba ipite kati ya tawi na mwanzi, iwe laini, ya katani au ile ya mpira, usitumie waya wala zile za plastiki za kukaza. Na kila springi na kila otamu pita kamba zote kwa mkono wako, ingiza kidole, kidole kisipoingia fungua ufunge upya. Ni kazi ya nusu saa kwa mti.

La pili, acha ukuta wa mwenye nyumba upumzike. Chimbia nguzo mbili za mbao mbele ya ukuta, kama sentimita 15 hivi, urefu mita 2 juu ya ardhi na sentimita 60 chini, waya upige kwenye nguzo. Joto la ukuta utalipata vile vile, na ukihama hujaacha shimo kwenye tofali. Ila muombe ruhusa ya kupanda mti wenyewe, mti ukishashika ardhi hauhamishiki kirahisi.

Mtu_wa_Leicester:

Hapo kwa nguzo nimekuelewa. Shukrani mkuu, ntaongea naye.

Binti_Usambara:

Habari zenu. Mimi nimetoka Lushoto, kwetu mapeasi na plamu tumekua nayo, nimefurahi sana kuukuta uzi wa Kiswahili. Sasa niko Kent, tufaha langu ni Egremont Russet, nililikata winta iliyopita kwenye waya wa kwanza, vile vile unavyoeleza hapa. Mkono wa kulia umekwenda karibu mita, wa kushoto umebaki kama sentimita 30 tu. Novemba hii nivilaze vyote au vipi? Na kuna jicho moja halikuamka kabisa.

Ukuta_wa_Kusini:

Dada usiogope, linarekebishika, na linarekebishika kwa kamba.

Wa kulia wenye nguvu ulaze sasa mpaka kwenye waya. Wa kushoto usiulaze, uinue juu uwe karibu na wima, uufunge kwenye mwanzi, uuache hivyo springi na sama yote. Aliyelala anapunguza mwendo, aliyeinuliwa anakimbia. Ukiona wanakaribiana unaushusha nyuzi 45, halafu otamu unaulaza. Hii inafanyika hata katikati ya sama, unaweza kila baada ya wiki mbili tatu ukapanda na kushusha mianzi mpaka walingane. Hakuna mkasi hapo.

Lile jicho lililolala, subiri mwishoni mwa Aprili au Mei, chukua kisu chenye makali uondoe kipande kidogo sana cha gome JUU ya jicho, umbo la hilali, kina kifike tu kwenye mti mweupe. Umekata njia ya ile oksini inayoshuka kutoka kileleni, jicho halibanwi tena, linaamka. Ukikata CHINI ya jicho matokeo ni kinyume, unalidhoofisha, kwa hiyo angalia mara mbili kabla ya kukata. Hii ni kwa tufaha na peasi tu, plamu usiuchezee visu.

Halafu kwa kuwa una tufaha, kumbuka mengi hayajichavushi. Lazima pawe na aina nyingine jirani inayochanua wakati mmoja. Kwa Kent sidhani kama utakosa, lakini angalia bustani za majirani.

Binti_Usambara:

Asante sana kaka, Mungu akubariki. Na mkasi wa sama sasa? Umesema mkasi baadaye lakini hujasema lini.

Ukuta_wa_Kusini:

Kweli nimewapitisha hapo, tuumalize.

Mkasi mkubwa wa mti wa ukutani ni wa sama. Winta unakata kujenga, sama unakata kutuliza, kwa sababu sama unaondoa majani ambayo tayari yanatengeneza chakula, mti unapungua kasi na jua linafika kwenye matunda na kwenye macho ya mwaka ujao. Kusini ya Uingereza peasi mwishoni mwa Julai, tufaha Agosti. Kaskazini sogeza siku kumi hivi mbele. Usiangalie kalenda peke yake, shika chipukizi, kama theluthi ya chini imekuwa ngumu ya mti na jani la nchani limeacha kufunguka, muda umefika. Ukiwahi, mti utachipua tena upya na hayo machipukizi ya pili yatapigwa na baridi.

Namna ya kukata: kila chipukizi la mwaka huu lililotoka moja kwa moja kwenye mkono uliolala na lina urefu wa kuzidi sentimita 20, tazama pale linapoanzia, kuna kishada cha majani yamebanana. Hayo usiyahesabu. Toka hapo hesabu majani matatu, kata juu ya la tatu. Lile lililotoka kwenye kikonyo ulichokikata mwaka uliopita, hesabu jani moja tu. Yaliyo mafupi kuliko sentimita 20 yaache, mengi huishia na jicho la ua. Ncha za mikono yenyewe usiziguse mpaka zijaze nafasi yao.

Na matunda ya mwaka wa kwanza baada ya kupanda, yatoe yote yakiwa madogo. Najua mtakasirika. Mwaka wa pili acha mawili matatu kama mti una nguvu. Ngazi ya chini itaanza kuzaa wakati ya juu bado unaijenga, ni sawa kabisa.

Pemba_Rotterdam:

La mwisho mkuu nisije nikasahau, jirani yangu anao mpeasi umefika waya wa juu kabisa, yeye anaukata kichwa kila mwaka na kila mwaka unarudi na fimbo kumi. Unaumaliza vipi?

Ukuta_wa_Kusini:

Kwenye waya wa mwisho anabakisha macho mawili tu, la kushoto na la kulia, la kupanda juu halipo tena. Hayo mawili anayalaza kama ngazi nyingine zote na mti unakuwa umefungwa kwa juu. Huyo wa kwake kwa kuwa ulishazoea, achague katika hizo fimbo kumi mbili zilizo chini zaidi, azivute zilale kwenye waya zikiwa bado laini, zilizobaki azing'oe kwa mkono Juni zikiwa changa, azing'oe pamoja na kitako chake, sio kuzikata kwa mkasi kwa sababu chini ya mkato kuna macho mengine yanasubiri. Baada ya hapo ni ule mkasi wa Julai kila mwaka. Vikonyo vikishazeeka na kubanana sana, winta anapunguza baadhi, anaanza na vile vya upande wa chini ya tawi vilivyo kwenye kivuli, maana peasi zake huwa ndogo na hazina utamu.